Ndoa Uingereza anapoingia mama wa kambo: karatasi za watoto zisisahaulike

Kamati ya harusi ikikaa, maneno ni ukumbi, pilau na MC. Watoto wa bwana harusi hutajwa mwisho, tena kwa habari ya sare. Hapo ndipo tunapokosea. Kwa sheria ya England na Wales, kufunga ndoa hakumpi mama wa kambo mamlaka yoyote ya mzazi. Anakuwa mke wa baba yao, basi. Hospitali ikitaka idhini ya mzazi kabla ya upasuaji, saini yake haitoshi, hata kama ndiye aliyemwogesha mtoto asubuhi ile.

Dawa yake ni fomu C(PRA2), mkataba wa kumpa wajibu wa mzazi (parental responsibility), yaani mamlaka hayo ya kisheria. Kila mtoto na fomu yake. Mnakwenda mahakamani na cheti kamili cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha ndoa, na vitambulisho vyenye picha na saini. Msisaini nyumbani mkaipeleka tayari: saini lazima iwekwe mbele ya ofisa wa mahakama. Kisha fomu yenyewe na nakala 2 zinatumwa Central Family Court, London. Isipoandikishwa huko, haina nguvu.

Mama mzazi akiwa hai na mwenye wajibu huo, naye lazima asaini. Hapa ndipo pagumu. Baba aongee naye mwenyewe, asitume shangazi, tena kabla kadi hazijasambazwa. Amweleze wazi kwamba mkataba haumwondolei chochote. Kuasili ndiko kunakokata uzazi wa kisheria, na hii siyo kuasili. Akikataa, kilichobaki ni kuomba amri ya mahakama.

Upande wa ndoa, kila mmoja anatoa taarifa kwa msajili angalau siku 28 kamili kabla. Kama mmoja wenu anaishi kwa viza, serikali inaweza kuzirefusha hadi 70, kwa hiyo msilipie ukumbi mkiwa na miezi miwili mkononi. Mgane aende na cheti cha kifo. Aliyeachana na mkewe Tanzania aende na cheti cha talaka cha mahakama. Karatasi ya talaka iliyoandikwa nyumbani itamkwamisha. Baraza la usuluhishi na mahakama huko huchukua muda, anzeni mapema. Na nikaha peke yake, katika msikiti usiosajiliwa kwa ndoa, haiwafanyi mke na mume kisheria: Mahakama ya Rufani ilishikilia hivyo mwaka 2020.

Ndoa ya serikali hairuhusu dua wala wimbo wa dini. Dua isomwe nyumbani au ukumbini. Ila maneno ya bibi harusi kwa watoto yanaruhusiwa, na msajili akiombwa mapema huyapangia nafasi baada ya viapo. Yawe machache, na yawe ahadi anayoweza kuitimiza: nitakusuka Jumapili, nitakuja mechi zako. Asiahidi kuwa mama yao. Sisi tunapenda sana ile ya doti ya kanga: anaikata mbele ya watu, kipande kimoja anajitanda yeye, cha pili anamfunga binti begani, polepole, bila MC kusema neno.

Huyo MC aonywe. Kumshika mtoto wa miaka sita mbele ya kipaza sauti na kumwambia "mwite mama" ni kumtesa. Aite anti, aite mama mdogo, vyovyote alivyozoea. Kama mama yake ni marehemu, picha yake isiondolewe sebuleni wiki ya harusi. Mtoto ataona ukuta mtupu kabla hajaona maua.

Mkipanga kwenda Mombasa au Dar Desemba, kumbukeni: kumtoa mtoto Uingereza bila ridhaa ya kila mwenye wajibu wa mzazi, au ruhusa ya mahakama, kunaweza kuwa kosa la jinai. Mama wa kambo akisafiri naye bila baba, abebe barua za idhini zenye namba za simu, nakala ya cheti cha kuzaliwa na cha ndoa, vyote kwenye mkoba wa mkononi.