Mikwaruzo kwenye kebo za maiki: ninavyoitafuta na kuimaliza

Kwanza nahakikisha kelele ni ya kebo kweli. Mvumo mzito usiokatika ni wa umeme wa Hz 50, na chanzo chake mara nyingi ni ethi, yaani waya wa ardhini. Vitiki vinavyosikika hata kebo ikiwa imetulia, kisha vikapungua ukipandisha bafa ya programu ya kurekodia (akiba ya sauti inayosubiri kuchakatwa) kutoka sampuli 128 hadi 512, ni vya kompyuta. Mkwaruzo wa plagi au waya hufuata mwendo: stendi ikisogezwa unasikika, kebo ikitulia nao unatulia.

Nabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Naacha maiki na kadi ya sauti vilivyo, naweka kebo nyingine ninayoiamini. Mkwaruzo ukitoweka, kebo ya kwanza ndiyo mgonjwa. Ukibaki, nahamia tundu la pili la kadi ya sauti. Kisha natafuta ni ncha ipi. Naikunja kebo polepole nyuma ya kila plagi, halafu naishika kebo isitikisike na kuichezesha plagi peke yake ndani ya tundu. Ikilia kwa kukunjwa, tatizo ni nyuzi zilizokatika au lehemu. Ikilia kwa kuchezeshwa, pini hazigusani vizuri na tundu. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na dawa zake ni tofauti. Wengi huloweka plagi kwa dawa ya kusafishia wakati waya ndani umekatika.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha umeme wa fantomu, ule wa volti 48 unaolisha maiki za kondensa, zile zisizofanya kazi bila umeme. Nashusha sauti ya spika, nachomoa maiki, nawasha fantomu, kisha napima kwa mita ya umeme kwenye XLR jike (plagi ya pini tatu ya kebo za maiki), upande wa maiki: pini 1 na 2, halafu 1 na 3. Zote mbili zinapaswa kusoma kati ya volti 44 na 52. Nikiwa nimeshikilia ncha za mita, mtu mwingine anaitikisa kebo. Namba ikiyumba kwenye pini 2 peke yake, hitilafu iko kwenye pini 2. 3 peke yake, vivyo hivyo. Zikianguka zote kwa pamoja, ni pini 1, yaani wavu wa kinga, ule wa nyuzi unaozunguka nyaya za ndani. Usiogope kugusisha ncha za mita kwa bahati mbaya: rezista za omu 6,800 zinauzuia mkondo usizidi takriban miliampea 7.

Pini 1 ndiyo inayodanganya watu. Umeme wa pini zote mbili hurudi kwa njia yake, kwa hiyo mguso wake ukikatika hata kwa sekunde ndogo, maiki ya kondensa hupoteza umeme na kutoa mlipuko mkubwa wa sauti. Maiki ya dainamiki haihitaji umeme huo, hivyo kebo ileile inaweza kuonekana nzima kabisa. Kebo ikijaribiwa kwa dainamiki tu bado haijapimwa.

Mlio wa mita wa kuonyesha kwamba njia ya umeme imeungana pia hautoshi. Mita nyingi hulia hata njia ikiwa na omu 30 na zaidi. Tumia kipimo cha omu 200, gusanisha ncha kwanza ujue waya za mita zenyewe zinasoma ngapi, kisha toa namba hiyo. Kebo nzima yenye urefu wa mita 5 inasoma karibu nusu omu au chini yake kwa kila pini, na kati ya pini na pini kusiwe na njia kabisa.

Huku pwani, hewa ya chumvi na unyevu hula miguso haraka. Ninasafisha kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Ile ya 70 ina maji mengi mno. Pini za dume nazifuta kwa pamba ya masikio. Kwa jike natia matone machache, nachomeka na kuchomoa mara kama kumi, kisha naacha ikauke kabla ya kuwasha chochote. Msasa usiutumie kamwe. Unakwangua madini ya juu, shaba iliyo chini inabaki wazi, na baada ya muda mfupi kelele inarudi ikiwa mbaya zaidi. Jike likiwa limelegea, plagi ya dume ikaingia bila ukinzani wowote, libadilishe tu.

Nyuzi zikiwa zimekatika, nakata sentimita 4 nyuma ya plagi, maana hapo ndipo hukunjwa zaidi. Kifuniko na kibano cha plagi vinaingizwa kwenye kebo kwanza. Namenya ganda la nje milimita 20, nyaya za ndani milimita 5, nasokota wavu wa kinga usiache hata uzi mmoja nje. Uzi huo mmoja ukigusa pini 2 ndio mkwaruzo mpya. Lehemu ya 63/37 (bati 63, risasi 37 kwa mia) huyeyuka kwa 183°C. Kifaa cha kulehemu nakiweka 350°C, na kila pini haipati zaidi ya sekunde mbili tatu. Nachomeka plagi nyingine ya jinsia tofauti wakati nalehemu, ili plastiki ikilainika pini zisipinde. Wavu unakwenda pini 1, waya chanya pini 2, hasi pini 3. Lehemu nzuri inang'aa. Ikiwa na chembechembe na rangi ya kijivu, irudie. Kibano lazima kishike ganda la nje, si nyaya za ndani.

Jeki za milimita 6.35 hutibiwa vivyo hivyo, ila angalia pia tundu lake: chemchemi ya ndani ikichoka, hakuna usafi utakaosaidia.

Mwisho narekodi dakika mbili geini (ukuzaji wa sauti ya maiki) ikiwa juu, nikiitikisa kebo yote kwa mkono, kisha naangalia wimbi kwenye skrini. Mkwaruzo ukibaki na kebo imepima sawa, zungusha kitasa cha geini. Kikilia, vumbi liko humo. Kisipolia, ilaze maiki ya kondensa usiku kucha ndani ya chombo kilichofungwa pamoja na vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu, kwa sababu unyevu kwenye kapsuli (sehemu ya maiki inayopokea sauti) hulia karibu sawa na kebo mbovu.