Niliwakosa hifadhini, nikawakuta kwenye mahindi ya mzee

Dereva wa Kwale mjini alitaka shilingi 6,000 kwa nusu siku ya kunizungusha hifadhini. Za Kenya. Nikapiga hesabu ya kwetu, ikaja kama laki moja na ishirini elfu, pesa ya kumpeleka mtu Mbeya kwa basi na kumrudisha Dar. "Dadangu," akasema, "kule ndani hairuhusiwi kwenda kwa miguu, barabara ni mawe matupu, na gari lenyewe nalilipia mkopo." Nikamshusha hadi 4,500, akakubali kwa sura ya mtu aliyeporwa.

Nilikuwa nimetoka harusini Ukunda. Harusi siisimulii. Nilikula, nilicheza, viatu vilinibana, basi. Waliobaki walikwenda kuogelea Diani, mimi nikapanda matatu hadi Kombani na nyingine ya kupanda mlima kwenda Kwale, kwa sababu kwa muda mrefu nilitaka kuwaona tembo wa hifadhi ya Mwaluganje.

Gesti niliyolala ilikuwa 1,500, bomba kavu, ndoo moja ya maji mlangoni na ya pili unalipia. Hilo linauma zaidi ukijua kwamba chemchemi za Marere ziko humo humo kwenye Milima ya Shimba, na maji yake yanateremshwa Mombasa. Msitu unatunzwa Kwale, bomba linafunguliwa mjini. Mwenye gesti alinieleza historia hiyo kwa kirefu nami nikiwa na sabuni usoni.

Kwa asiyepajua: Milima ya Shimba ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1968, na ndiko pekee Kenya walikobaki palahala, wale swala wakubwa wenye pembe ndefu zilizopinda. Kaskazini yake kuna msitu wa Mwaluganje. Katikati yalikuwa mashamba ya Waduruma na Wadigo, na tembo walikuwa wakikatiza humo kutoka msitu mmoja kwenda mwingine, wakila walichokikuta. Mwaka 1995 wenye mashamba, familia zaidi ya 200, wakakubali kuacha kulima sehemu hiyo. Ardhi ikawa hifadhi ya jamii, kila mmoja akahesabiwa hisa kwa kadiri ya ekari zake, na mapato ya getini yakawa ya kugawana. Hakuna aliyewafukuza. Waliombwa, wakajadiliana, wakakubali, na ardhi ikabaki kuwa yao. Mimi ni mtu wa Mang'ula, chini ya Milima ya Udzungwa huko Tanzania, na kwetu habari ya kuombwa ni ngeni kabisa. Ndiyo hasa iliyonipandisha Kwale.

Tembo hatukuwaona. Tulizunguka tangu saa nane mchana, vumbi hadi kwenye meno, tukaona nyani, ngiri mmoja aliyetupa mgongo, miti iliyovunjwa, na mavi ya tembo ya kila umri. Nilinunua kadi ya karatasi inayotengenezwa kwa mavi hayo, kazi ya wanakijiji, na kwa kweli haina harufu yoyote. Huo ndio ukawa utalii wangu. Nilikuwa nimeshaanza kuzihesabia uchungu zile 4,500 pale tulipotoka getini na kushika njia ya vumbi, jua limelala, na mkanda wa feni ukakatika.

Dereva alifungua boneti, akaiangalia injini kwa muda, akaifunga. Akapiga simu. Fundi wa Kwale akasema ni asubuhi. Nikamwambia basi aniitie bodaboda. Akacheka.

"Hakuna bodaboda atakayepita hapa saa hizi."

"Kwa nini?"

"Wale uliowatafuta mchana kutwa, sasa ndio wanatoka."

Bahati yake na yangu, mjomba wake anakaa karibu na pale, kijiji kinachopakana na hifadhi. Tulifika giza limeshaingia. Mama mwenye nyumba alitupokea, hodi haijaisha tayari kuna ugali, mchunga na samaki wa kukaanga. Mzee alikula matonge machache akasimama, akachukua tochi, debe tupu na kipande cha nondo. Mahindi yake yalikuwa yamekomaa, ya kuchoma yameshapita, yanangoja kukauka tu. Nikaomba niende naye. Mama akaniangalia, akamwangalia mpwa wake, akasema, "Huyu mgeni wako ana akili timamu?" Lakini akanipa leso nijifunike.

Dungu lilikuwa juu ya miti minne, limeezekwa makuti, halifiki hata kimo cha paa la nyumba. Wajukuu wawili walikoka moto kwenye pembe za shamba. Kulikuwa na baridi ambayo sikuitegemea pwani, na mbu ambao niliwategemea. Kitako kiliuma kwenye zile fito. Mzee hakuonekana kuhisi chochote.

"Kule ndani nina ekari tisa," akaniambia, akinyoosha tochi iliyozimwa kuelekea gizani. "Hapa nina mbili. Tisa nimewapa wao. Sasa wanakuja na kwenye mbili."

Nikamuuliza kama walilazimishwa wakati ule.

"Na nani? Tulikaa vikao mpaka makalio yakaota sugu. Kule tulikuwa tunapanda, wanakula wao kwanza, sisi tunaokota. Tukaambiwa wageni watapanda kutoka Diani, watalipa, tutagawana. Na walilipa, mwanangu, nisiwe mwongo. Nimesomesha watoto wawili kwa tembo."

Kisha akanihesabia miaka, na kila mwaka alioutaja naukumbuka, ila mimi niliusikia kwenye taarifa ya habari na yeye aliusikia mfukoni. Vurugu baada ya uchaguzi wa 2007, hoteli za pwani zikabaki tupu. Watalii wakarudi. Mwaka 2014 serikali za Ulaya zikawaonya watu wao wasije Pwani, zikabaki tupu tena. Halafu korona. Kila hoteli ilipofunga milango, geti la Mwaluganje nalo likalala, na mgao wa ekari tisa ukawa wa kununua unga. Hoteli ilipunguza wafanyakazi. Yeye angempunguza nani? Tembo hawakusikia tangazo lolote. Waliendelea kuwepo, kula na kuzaa.

Mwaka 2005 tembo 150 walihamishwa kutoka Milima ya Shimba kupelekwa Tsavo Mashariki. Mzee anayakumbuka malori. "Tulilala," akasema. "Tulilala usiku kama watu." Alikuwa anataka kuniambia walilala kwa muda gani, akaishia katikati ya sentensi.

Sikusikia kitu. Nilichogundua ni kwamba mbwa wa nyumbani wamenyamaza. Kisha bua likavunjika. Kisha mengine mengi kwa pamoja, taratibu, na sauti ya kutafuna. Mzee akawasha tochi na pale, mahali ambapo ningeweza kurusha kandambili ikawafikia, palikuwa na madume matatu. Nimekulia jirani na tembo, lakini nyumbani huwa nawaona nikiwa ndani, mlango umefungwa, mama anasali. Sijawahi kukaa juu ya fito za mzee wa watu, macho yangu yakilingana na ya tembo.

Wajukuu wakaanza kupiga madebe na kurusha vijinga vya moto. Wawili wakageuka. Wa tatu akatujia. Alitanua masikio, akasimama, akatikisa kichwa, akapiga hatua nyingine. Nilishika nguzo ya dungu kwa mikono miwili, jambo lisilokuwa na maana kwa kuwa nguzo yenyewe ndiyo ingeng'olewa. Mzee hakupiga debe. Alimmulika usoni na kuanza kusema naye, kwa lugha ya kwao, kwa sauti ya mtu anayemdai jirani. Alisema kwa muda mrefu. Tembo akasikiliza au hakusikiliza, sijui. Akang'oa bua moja la mahindi, akalila mbele yetu, akageuka akawafuata wenzake bila haraka.

Nilipopata sauti nikamuuliza alikuwa anamwambia nini.

"Nilimwambia ekari tisa."

Hatukulala. Saa kumi usiku kijana wa mzee, ambaye aliwahi kufanya kazi ya ulinzi Narok, akaja kutupokea zamu na chai ya chupa, na yeye ndiye aliyenifumbua macho. Kule Maasai Mara, akasema, wenye ardhi wa Kimaasai wa hifadhi ya Olare Orok walikodisha ardhi yao kuanzia 2006 kwa kiwango kilichopangwa kwa ekari, pesa inaingia kila mwezi, wageni waje wasije. Ni kampuni za kambi zinazobeba hasara ya msimu mbaya. Wakati wa korona hata huko walipunguziwa, lakini walikuwa na namba kwenye karatasi ya kuanzia mazungumzo. Baba yake hana namba. Ana hisa. Geti likipata, naye anapata. Geti likikosa, amekosa, na tembo wako pale pale.

Nimelifikiria hilo sana tangu hapo, na naona kijana yuko sahihi. Waliobuni Mwaluganje walifanya jambo ambalo wengi hawajalifanya hadi leo: walimuuliza mwenye shamba. Lakini walimwachia msimu mbaya wote abebe yeye, na yeye ndiye maskini kuliko wote waliokaa kwenye kile kikao. Anayeuza chumba Diani kwa picha ya tembo ukutani hajawahi kukesha kwenye dungu.

Na nyumbani je? Udzungwa ilipofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1992, bibi yangu hakukaa kikao chochote cha kumwotesha sugu. Ardhi ya Tanzania ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, na mwanakijiji wakati ule hakuwa na hati ya kuweka mezani. Walichobakiziwa ni ruhusa ya kina mama kuokota kuni msituni siku moja kwa wiki, nayo ikaondolewa mwaka 2011. Bibi aliyekuwa akijua kila mti kule ndani akaanza kununua mkaa. Kwa upande mwingine, msitu upo, maji yanatoka, na wageni wanaopanda maporomoko ya Sanje wanaacha pesa Mang'ula. Na kule Njokomoni watu wa tembo walikuja wakatundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, tembo anaogopa nyuki, wakulima wanauza asali. Sisemi msitu ungekatwa. Nasema bibi angeulizwa.

Fidia nayo nilipigia hesabu juu ya lile dungu. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inataja shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na tembo, na mazao nayo yamo. Kwetu, kanuni za 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi milioni 1, ya Tanzania. Ukibadilisha pesa, ya Kenya inakaribia kuwa mara mia. Nikamwambia mzee kwamba nchi yake inamthamini. Akaniambia nisubiri kupambazuke.

Kulipopambazuka tukahesabu mistari iliyolala. Karibu robo ya shamba. Mzee akaingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki wa duka, ndani yake fomu za madai, zimepigwa mihuri, zimeandikwa tarehe, nyingine zimeliwa pembeni na mende. Ya zamani zaidi ina miaka saba. Hajalipwa hata moja. Ofisi inampokea vizuri, akasema, wanampa kiti. Akatoa fomu mpya, akaomba kalamu yangu, akaanza kuandika kwa herufi kubwa.

Mkanda wa feni ulikuja na bodaboda saa tatu. Dereva akataka 1,000 juu ya 4,500, eti ya mkanda, na nyingine 500 ya "usumbufu". Nikamuuliza usumbufu wa nani. Tukagombana hadi Kombani, nikalipa ya mkanda, ya usumbufu nikaikataa, akaniachia namba yake ya simu nikirudi tena.

Basi la Tanga lilichelewa. Nikiwa pale njia panda, nakunywa chai ya shilingi 30 ambayo ndiyo kitu pekee cha bei ya haki nilichokipata Kenya, nikampigia mama Mang'ula. Akaniambia tembo wamepita juzi kwa jirani, wamemaliza migomba. Nikamsimulia usiku wangu, nikaruka sehemu ya dume lililotujia. Nikamtajia milioni 5 na nikambadilishia kwa pesa yetu.

"Wanatoa," akauliza, "au wanataja?"

Nikamweleza habari ya mzee na mfuko wake.

"Basi ni walewale," akasema, akaanza habari ya ada ya mdogo wangu, shule inafunguliwa Jumatatu na mimi niko huko nazunguka kutafuta wanyama ambao wamejaa nyuma ya choo chetu.