Siku moja maishani mwangu: fundi mashua wa Dodoma

Nikisema mimi ni fundi mashua na naishi mkoa wa Dodoma, mtu hucheka kwanza, halafu huuliza hiyo mashua naipitisha barabara gani. Dodoma anayoijua yeye ni Bunge, zabibu na vumbi. Bwawa la Mtera amelivuka mara kibao kwa basi la Iringa, akanunua perege wa kukaanga kupitia dirishani, akaendelea na safari yake.

Basi ajue. Mto Ruaha Mkuu ulizibwa hapa miaka ya 1970 ili mitambo ya umeme ya Kidatu, kule chini, isikaukiwe na maji. Mwaka 1988 Mtera nayo ikapata mitambo yake, megawati 80. Ruaha Mdogo na Kisigo nayo inamwaga humuhumu. Bwawa likijaa kabisa, maji yanasimama mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 690. Hizo mita nane na nusu, kwa ardhi tambarare ya huku, ukingoni zinageuka tope usiloona mwisho wake. Karakana yangu, yaani turubai, nguzo nne na benchi, huyafuata maji yanapokwenda. Kiangazi tunateremka nayo, masika inatufukuza turudi juu.

Ninachofanya ni kutengeneza mitumbwi na mashua ndogo za tanga, na mwenye chombo akitaka kulala majini siku mbili tatu, mimi ndiye namfungashia: maji, chakula, kamba, nanga. Ufundi nimeupata kwa baba mdogo, Pangani. Siku ninayoisimulia ni Alhamisi moja ya mwezi Agosti.

Saa 11 alfajiri. Upepo umelala, na kazi ya kwanza ni kumwagilia mashua. Ndiyo, kumwagilia. Kule pwani adui wa mbao ni mdudu wa baharini anayeitoboa kimyakimya. Huku mdudu huyo hayupo, ila jua lipo na hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka. Mashua ikikaa nchi kavu wiki moja bila kivuli, mbao zinasinyaa na viungo vinafunguka. Kwa hiyo kila chombo kilichopandishwa juu nakifunika magunia, na magunia nayalowanisha alfajiri na jioni. Ndoo nabeba mwenyewe. Kijana wangu anakuja saa 12, na hapo ameshaniambia kwa simu kwamba yuko njiani tangu saa 11.

Saa 1 mpaka saa 4: uji wa uwele, kasia mbili za kuchonga upya, mtumbwi mmoja wa kutia kiraka, mvuvi mmoja wa kukumbushwa deni.

Saa 4 akafika bosi.

Huyu ni mfanyakazi wa ofisi moja mjini. Alinunua mashua ya futi 18 pwani, ya mbao, nzuri kwa umbo, akaipakia kwenye fuso, akaiweka uani kwake Dodoma mjini pembeni ya ukuta. Ikakaa hapo tangu masika inakwisha mpaka aliponitumia niitengeneze. Nia yake ni kulizunguka bwawa na rafiki zake: kuondoka Jumamosi, kurudi Jumatatu. Mipango mizuri, na sina neno na mtu anayetaka kupumzisha kichwa. Tatizo ni kwamba hakuniambia anakuja siku hiyo.

"Fundi, shikamoo sikupi maana tunalingana. Mashua yangu iko wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono. Ilikuwa kwenye maji ya kiunoni, imejaa mpaka juu, kingo tu zinachungulia, mawe yamepangwa ndani isielee.

"Imezama?"

"Nimeizamisha, bosi."

Ningejua lile jibu litanigharimu saa nzima ningelipamba kidogo. Alivua viatu, akavivaa tena, akatoa simu akaanza kurekodi. Alirekodi mashua, akanirekodi mimi, akarekodi kijana wangu aliyekuwa anakula muhogo, hana hili wala lile. Akasema ametuma chombo kizima kwa fundi kwa nia njema na sasa angalieni wenyewe. Sijui alikuwa anawaambia akina nani.

Nikaeleza. Mbao zimekaa juani miezi, zimekauka na kusinyaa. Siku chombo kinashushwa kwenye gari tuliingiza njiti ya kiberiti kwenye kiungo, ikatokea upande wa pili. Dawa yake ni kuirudishia mbao maji mpaka ivimbe na kujibana yenyewe. Siku mbili, tatu. Hapo ndipo utajua ni wapi panavuja kweli na wapi palikuwa na kiu tu.

"Sasa si ungeziba tu? Kuna gundi siku hizi. Kuna silikoni. Hata simenti."

Hapa ndipo kazi yetu isipoeleweka. Ukishindilia kiungo kikavu kwa kitu kigumu, ukakijaza hadi mwisho, siku mashua inaingia majini mbao itataka kuvimba na itakosa nafasi. Haitauliza ruhusa. Itajisukuma nje, itang'oa misumari kwenye mataruma, yaani mbavu za ndani za chombo, na mataruma yenyewe yanaweza kupasuka. Umeziba uwazi wa njiti, umejipatia uwazi wa kidole. Kalafati, yaani kuziba viungo vya mbao, inataka pamba iliyosokotwa, imelowekwa mafuta ya nazi, igongwe kwa patasi butu na nyundo ya mti, na mkono ujue kuacha nafasi.

"Nani kakufundisha hayo?"

"Baba yangu mdogo."

"Ana cheti?"

"Ana mashua."

Akapiga simu kwa mtu anayejua mambo ya meli. Mtu wa meli hakupokea. Akapiga kwa mwingine, akazungumza kwa muda mrefu huku ananitazama. Jua limeshapanda, mimi nimeshika patasi na siwezi kuanza chochote, kwa sababu mteja akiwa na hasira ukimpa mgongo anahesabu dharau.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyeleta ng'ombe kunywa maji. Alitusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," tukaitikia, bosi akampa shikamoo. Mzee akaitazama mashua, akauliza imekauka? Nikasema imekauka sana. Akamgeukia bosi: "Mwanangu, mpini wa jembe ukicheza si unauloweka usiku, asubuhi umekaza? Sasa huyu amefanya kosa gani?" Akaswaga ng'ombe zake.

Bosi akafuta ile video. Saa nzima ya maelezo yangu, mzee kaimaliza kwa jembe. Nilifurahi, na nilikasirika pia.

Kumbe hatujamaliza. Mashua yake ilikuwa na ubao mmoja wa nyuma, karibu na usukani, umeoza. Maji ya mvua yalituama pale mashua ikiwa uani. Maji ya chumvi huitunza mbao, maji ya mvua huiozesha, na ubao ukishakuwa laini kiasi cha kuingia ncha ya kisu hakuna rangi itakayouponya. Nikamwambia nahitaji kipande cha mninga. Akasema kwake kuna mbao za misonobari za Mafinga zimebaki kwenye ujenzi. Nikasema msonobari usio na dawa chini ya maji ni kumlipa fundi mara mbili. Akasema tutaongea.

Chakula nacho. Orodha yake ilikuwa kwenye simu: kreti za bia, barafu, kuku watano, jiko, magodoro, spika, katoni mbili za maji. Watu watano, siku tatu. Nikafanya hesabu mbele yake kwa mkaa juu ya benchi: lita 5 kwa kichwa kwa siku, kunywa na kupikia, ni lita 75. Sema madumu manne ya lita 20. Maji ya bwawani usiyaweke mdomoni bila kuchemsha, na kuogelea karibu na majani ni kukaribisha kichocho, achilia mbali mamba.

Madumu nayapanga chini kabisa, juu ya mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, yawe farumi, yaani uzito wa kukituliza. Yakianza kuisha, mashua inakuwa nyepesi na tanga linaionea. Kwa hiyo kila dumu linalokwisha linajazwa maji ya bwawa na kufungwa kitambaa chekundu shingoni, asilinywe mtu. Bosi hili alilipenda, akalirudia mara mbili. Ila nilipomwambia kwamba maji baridi hayabebi sawa na bahari, yaani kwa kila tani unapungukiwa kama kilo 25, na kwamba chombo chake huku kitakaa chini kidogo kuliko alivyokiona pwani, akaniangalia kana kwamba nayatafuta magodoro yake. Kweli nilikuwa nayatafuta. Tumekubaliana mikeka.

Ninachofungasha mimi ni hiki: unga kwenye ndoo zenye mifuniko, mlenda mkavu, karanga, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), chumvi, mafuta ya alizeti, ndimu, viberiti ndani ya chupa. Mlenda mkavu haupimwi uzito, hauozi, na samaki watanunua kwa wavuvi humohumo. Kuku wawili waliwe siku ya kwanza. Barafu ya Dodoma mjini ikifika Mtera ni maji ya kunawa. Kuhusu majaketi okozi sikujadiliana. Matano, moja kwa kila mtu, au mashua haitoki kwangu. Akasema wote wanajua kuogelea. Sikujibu.

Aliondoka saa 7 na vumbi lake.

Mchana wa Agosti huku upepo unaamka na hasira, kwa hiyo tanga nalishonea chini ya turubai, nimelikalia lisipeperuke. Lake lilikuwa limechanika kwenye pindo, pale kamba ya demani, ile ya kulivuta na kulilegeza tanga, inapofungwa, ndipo panapovutwa zaidi. Uzi naupitisha kwenye nta ya nyuki ya Manyoni mpaka unanata vidoleni, ndipo naushona mishono miwili miwili. Jua limeula uzi wa zamani. Ukiuvuta unakatika bila kelele. Kamba zake za nailoni zilikuwa zimeota manyoya kwa sababu hiyohiyo. Mbili nimezitupa, moja nimemwachia ya kufungia ndoo. Ya nanga nimeweka mpya, ndefu, mara tano ya kina cha maji atakapolala. Nimemchorea pia pa kutolala: penye njia ya kiboko, ambayo utaijua kwa majani yaliyolazwa, maana usiku kiboko anapanda malishoni na hapendi kukuta hema. Na mchana mmoja wao akae mbele kabisa anatazama maji. Bwawa hili lilifunika miti, mingi bado imesimama, mingine imekatika kiasi cha kiganja chini ya maji, na hiyo ndiyo inayotoboa.

Baada ya hapo sikutazama saa tena. Nilitaka kujua mashua imekunywa kiasi gani, na njia ni moja, kuimwaga. Mawe tumeyatoa moja moja. Ndoo mbili, watu wawili, upepo unatupa mawimbi ndani kwa kasi ileile tunayotoa. Tukaivuta mpaka maji ya magotini, tukaizungusha isimame kinyume na upepo, tukaanza upya. Kijana akasema mgongo. Nikamwambia huo wangu ni wa babu yake. Tulitoa maji, tukapumzika kwa kusimama, tukatoa, mikono ikafika mahali haihisi mpini wa ndoo. Wapita njia daraja la kule wanaona watu wawili wanacheza maji.

Ilipokauka ndani nililala kifudifudi kwenye mataruma na tochi. Viungo vya ubavuni vyote vimefunga. Vyote! Sehemu mbili tu, kando ya mkuku, zilitoa tone, likajaa, likateleza, likafuata tone lingine. Hizo ndizo za pamba, kesho asubuhi. Nikazizungushia mkaa. Ubao uliooza nao ulikuwa unavuja machozi, ila huo tayari una hukumu yake.

Nimerudi nyumbani giza limeingia. Mama watoto akaniuliza vipi yule bosi wa mjini, amekulipa? Nikasema tutaongea. Akanitengea ugali na mlenda, hakuuliza tena.

Saa 3 usiku simu ikalia. Bosi ametuma hela ya mninga, bila neno lolote, pungufu ya elfu tano. Nikampigia. Anasema ni makato ya kutuma. Nimemwambia basi mashua itaondoka Jumamosi na ubao pungufu ya inchi mbili, nazo ni makato. Alicheka sana, akakata simu. Elfu tano haijaingia mpaka naandika hapa.