Chungu cha Ba

Majivu ya maiti aliyechomwa humwagwa maji yakipwa. Ukiyamwaga maji yakijaa, yanarudi nawe mpaka Makupa, na hakuna mwana anayetaka kumwona babake akirudi hivyo. Ndiyo maana Jumanne alfajiri tulingoja saa nzima kwenye mashua yangu pale Tudor, Mombasa: mimi, Ba, wanawe wawili, na chungu cha majivu ya baba yao kilichofungwa kitambaa chekundu.

Ba ndivyo Wagujarati wanavyomwita mama, na bibi pia. Sisi wa mtaani tulimwita hivyo tangu alipokuwa na duka Biashara Street. Marehemu babangu hakuchoka kusema Baniani mbaya kiatu chake dawa, na leso zote za mamangu alizikopa hapo hapo.

"Dikra," yaani mwanangu, akaniambia, "nusu yatakaa hapa. Nusu nitayapeleka Kashi." Kashi ndiyo Varanasi, kwenye mto Ganga.

Nikamuuliza kwani bahari haitoshi. Mimi Muislamu, kwetu maiti huzikwa mambo yakaisha. Akasema mto ule ulishushwa kwa ajili ya majivu. Wana 60,000 wa mfalme Sagara waliunguzwa na macho ya mtawa waliyemkosea, majivu yao yakalala bila wa kuyaosha, mpaka kitukuu chao Bhagiratha akajinyima miaka na miaka ndipo Ganga akakubali kushuka kutoka mbinguni. Angeipasua ardhi, ila mungu Shiva alimpokea kwa nywele zake. Nikanyamaza.

Tulipopita Fort Jesus, pomboo wawili wakaibuka ubavuni. Ba akacheka, mara ya kwanza asubuhi ile.

"Wa kule Ganga ni kipofu," akasema.

Nikadhani ananitania. Mimi nimezaliwa kwa wavuvi. Lakini amemwona mwenyewe karibu na Bhagalpur, Bihar, ambako kipande cha mto kimehifadhiwa kwa ajili ya pomboo tangu 1991. Wanamwita susu, kwa sauti ya pumzi yake anapoibuka. Haruki kama hawa wetu. Hutoa mdomo wake mwembamba mrefu, anapumua, huyo kazama. Maji ya Ganga ni tope tupu, basi jicho lake halina lenzi, linajua mwanga na giza tu. Huogelea kwa ubavu, pezi likipapasa chini, na samaki humtafuta kwa mwangwi wa sauti yake mwenyewe. Nahodha wa usiku, huyo.

Tangu 2009 ni mnyama wa majini wa taifa la India. Vizuri, lakini nyavu hazisomi gazeti. Nimewahi kumtoa pomboo kwenye jarife la ami yangu, keshakufa maji. Kiumbe anayepumua kama sisi akinaswa chini hana la kufanya. Susu nao hufa hivyo hivyo, na mabwawa yameukatakata mto, wa huku hawafiki kwa wa kule.

Nje ya mlango wa bahari nikazima injini. Wanawe wakamwaga. Ba akafungua kichupa cha shaba, akatia tone la maji ya Ganga baharini, kisha maua. Maji yakayachukua upande tuliotaka.

Anasafiri Novemba. Ameniuliza aniletee nini. Nimemwambia ahesabu kati ya pumzi na pumzi ya susu inapita muda gani. Wa kwetu nishawahesabu.