Usiku mzima ziwani tukibishana Melbourne

Langalanga, yaani Formula One, inarudi wikiendi hii wakuu. Melbourne, Jumapili tarehe 8 Machi 2026, na kwa saa zetu mbio zinaanza saa moja kamili asubuhi, na hiyo saa moja ndiyo iliyonitoa Bukoba nikapanda meli kuja Mwanza katikati ya wiki.

Nieleze kwanza kwa asiyeijua shida yetu. Mbio nyingi za Ulaya huku kwetu zinaanza saa kumi jioni, sasa Jumapili saa kumi jioni ingia kibanda umiza chochote kanda ya ziwa uone kama kuna mtu atakuwekea magari, kuna mechi ya England, kuna Simba au Yanga, watu wameshalipa, unaanzia wapi? Kwa hiyo tunaangalia kwenye simu, bando linaisha imebaki mizunguko kumi, basi tena. Melbourne ndiyo tofauti, saa moja asubuhi hakuna mpira wa kugombania TV. Wenzangu wa Mwanza wakanipigia kwamba kuna mama ana kibanda Kirumba yuko tayari kufungua alfajiri, ila anataka kuongea na mtu mzima ana kwa ana, hataki ahadi za vijana kwenye simu. Nikakata tiketi ya MV Victoria.

Jumatano jioni bandarini mvua ilikuwa imetoka kunyesha, mikungu ya ndizi imepangwa mpaka njiani, wapagazi wanapiga kelele upishe. Meli hii ni ya miaka ya sitini, ilisimama muda mrefu mpaka ikakarabatiwa na kurudi kazini 2020, inabeba abiria 1,200, na mimi naipenda kuliko basi maana kwenye basi ikifika saa tano usiku kila mtu amelala, melini unapata watu wa kuongea nao mpaka kunakucha. Nikatafuta kiti, nikaweka begi, nikamuona kijana mmoja amevaa kofia ya rangi ya papai ya McLaren.

Kofia za mitumba ziko nyingi, nikamuuliza, "Dogo, hiyo timu unaifuatilia au umependa rangi?" Akanijibu bila hata salamu, "423 kwa 421, braza." Nikavuta kiti karibu.

Kwa ambaye hakufuatilia mwaka jana, hizo ndizo pointi za mwisho wa msimu wa 2025, Lando Norris wa McLaren 423 bingwa, Max Verstappen wa Red Bull 421, na Oscar Piastri, naye wa McLaren, wa tatu 410. Mimi ni Piastri, nasema wazi. Kwa hiyo nikamrudisha dogo kwenye mbio za Monza, Italia, kwa sababu hapo ndipo roho yangu ilipobaki. Norris alikuwa wa pili, Piastri wa tatu, timu ikamwingiza Piastri kwanza kubadili matairi, halafu alipoingia Norris tairi moja la mbele likagoma, akasimama karibu sekunde sita, akatoka yuko nyuma ya mwenzake. Timu ikamwambia Piastri ampishe. Piastri akawakumbusha kwenye redio kwamba walishakubaliana kuchelewa kubadilishiwa tairi ni sehemu ya mbio, lakini akapisha. Wa pili anapata pointi 18, wa tatu 15. Ondoa hizo tatu kwa Norris, anabaki na 420, na bingwa anakuwa Verstappen.

Dogo hakukubali hata kidogo, na lazima niseme alijipanga. Akasema braza hesabu zote, usichague. Las Vegas McLaren zote mbili zilifutwa matokeo kwa sababu ubao wa chini ya gari ulilika kuliko kiwango, Norris alikuwa wa pili, pointi 18 zikaenda na maji, mbona hizo hulii? Halafu mbio za mwisho Abu Dhabi Norris alimaliza wa tatu kwa sababu wa tatu ilimtosha, na aliyekuwa mbele yake wa pili ni nani? Piastri huyo huyo. Ingehitajika nafasi ya pili si angeambiwa apishe tena?

Hapo alinishika, maana ni kweli angeambiwa, na ni kweli angepisha, na hicho ndicho kinachoniuma kwa huyu kijana.

Tukafika Kemondo, meli ikasimama kupakia, ndizi tena na magunia, na hapo akapanda mwalimu mmoja mstaafu. Tukampisha kiti, "Shikamoo Mwalimu", "Marahaba wanangu, mbona mnagombana?" Tukamweleza, tukidhani tunamweleza mtu asiyejua, kumbe mzee ni Ferrari tangu enzi za Jody Scheckter, yule wa Afrika Kusini aliyechukua ubingwa 1979. Alikuwa anazisikia kwenye redio! Akasikiliza kesi yote ya Monza mpaka mwisho halafu akasema, "Basi huyo Piastri ndiye aliyetoa kombe. Mwenye kombe anajua, na aliyetoa anajua, na mwaka huu bado wako nyumba moja." Akanyamaza. Dogo naye akanyamaza.

Baada ya Kemondo mtandao ukaanza kupungua halafu ukakata kabisa, na hapo ndipo ubishi ulinoga, maana hakuna wa kutoa simu kuhakiki, kila mtu anasema alichonacho kichwani na wenzake wanamsahihisha. Watu wakasogea. Wengine walikuja tu kwa sababu ya kelele.

Mwalimu shida yake ni Lewis Hamilton. Bingwa mara saba, ushindi 105, akaenda Ferrari 2025, na msimu mzima hakupanda jukwaani kwenye tatu bora hata Jumapili moja, kitu ambacho hakijawahi kumtokea tangu aanze. Alishinda zile mbio fupi za Jumamosi kule China tu. Ana miaka 41 sasa. Mwalimu anasema magari ya zile kanuni za 2022 mpaka 2025 yalimkataa tangu mwanzo, na kwa kuwa mwaka huu kila kitu ni kipya, ndiyo nafasi yake ya mwisho. Alivyokuwa anaongea unaona kabisa anamaanisha. Akatukumbusha Melbourne ya mwaka jana, mvua, yule kijana Isack Hadjar anaanza mbio zake za kwanza kabisa, akagonga ukuta kwenye mzunguko wa kupasha matairi kabla hata mbio hazijaanza, akawa anatembea analia ndani ya kofia ngumu, na aliyemfuata kumkumbatia ni baba yake Hamilton. Mwaka huu huyo Hadjar yuko Red Bull pembeni ya Verstappen. Mwalimu alisimulia hiyo mara mbili na mara zote mbili tulimsikiliza.

Sasa kuhusu kanuni mpya, aliyetuelewesha ni mtu ambaye hata langalanga haangalii. Ni mvuvi wa dagaa. Usiku ule mwezi ulikuwa mkubwa, mbalamwezi ziwa zima jeupe, na mbalamwezi dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi wamepumzika na yeye anakwenda Mwanza kununua betri za taa zake. Dogo alikuwa anaeleza kwamba injini za mwaka huu karibu nusu ya nguvu inatoka kwenye umeme, mota imepanda kutoka kilowati 120 mpaka 350, mvuvi akakatiza, "Inachajiwa wapi?" Dogo akasema inajichaji dereva akikanyaga breki. Mvuvi akauliza tena, "Na sehemu isiyo na breki?" Tukaangaliana.

Akasema kwake ni hivyo hivyo, taa ukiiwasha kwa nguvu zote tangu saa mbili usiku unafurahia, dagaa wanajaa, lakini alfajiri ambapo kundi kubwa linapanda juu huna kitu, jirani yako aliyebana anavua wewe unamwangalia. Aisee nilikuwa nimesoma hizo kanuni nisizielewe, pale nikaelewa. Dereva akimwaga umeme wote kwenye kuovateki mapema, anayemfuata anamrudia sehemu inayofuata. Na ule mfumo wa zamani wa kufungua bawa la nyuma kwa anayefukuza tu umefutwa, sasa mabawa ya mbele na nyuma yanajilaza kwenye njia zilizonyooka kwa magari yote, na anayefukuza akiwa ndani ya sekunde moja anapewa umeme wa ziada. Gari zenyewe zimepungua, kilo 30 nyepesi na nyembamba kidogo. Timu zimekuwa 11, Cadillac wameingia na Bottas na Pérez, Audi wamechukua ile ya Sauber, Red Bull wanatengeneza injini yao wenyewe na Ford, Honda wamehamia Aston Martin. Gari 22 kwenye mstari. Ndiyo maana nasema wikiendi hii asijitokeze mtu kuniambia anajua nani atashinda, mizunguko 58 ya kilomita 5.278 na karibu kila mtu anaanza na gari asilolizoea.

Kulikuwa na dada mmoja anapeleka biashara Rwanda kupitia Rusumo, alikuwa kimya muda mrefu halafu akauliza swali ambalo sisi tulioanza ubishi hatukuligusa: kwa nini zote hizi ziko mbali? Tukaanza kutaja, Melbourne, China, Japan, halafu Ulaya, Marekani, Uarabuni. Afrika mara ya mwisho ni Kyalami 1993, akashinda Prost. Miaka 33. Dada akasema Desemba 2024 alisikia Rais Kagame akitangaza kwamba Rwanda inaomba mashindano, na yeye njia ya Kigali anaijua kama nyumbani, ukitoka Bukoba asubuhi unalala Kigali. Hata kutoka Mwanza, Kigali ni karibu kuliko Dar. Hapo meli nzima, namaanisha ile kona yetu, ikachangamka kuliko habari ya Norris na Verstappen zote. Mwalimu akasema Afrika Mashariki siyo wageni kwenye magari, Safari Rally ilianza 1953 na ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwezi huu huu inakimbia Naivasha. Mimi sitaki kuamini kwamba tutaendelea kuamka na kuchelewa kulala kwa saa za wenzetu maisha yote. Ikija Kigali nitakwenda hata kwa lori la ndizi.

Saa kumi usiku waliofunga wakaamka kula daku, dogo naye akiwemo, mwanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT, akachukua chai na wali akarudi na sahani yake tukaendelea pale tulipoishia. Alisema Jumapili kwake rahisi, anakula daku, anaswali alfajiri, halali, saa moja magari. Mwalimu naye misa ya kwanza itamgonga, ataenda ya pili ya saa tatu.

Kulipoanza kupambazuka tukawa tunaukaribia mji, upande wa Bwiru, na wazee wakavua kofia. MV Bukoba ilizama maeneo haya asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikitokea huko huko tulikotoka. Watu wa Kagera hatupiti hapa tukiongea. Tukakaa hivyo mpaka mawe ya Mwanza yakaonekana vizuri na meli ikapiga honi ya kuingia Bandari ya Kaskazini.

Nikashuka moja kwa moja Kirumba. Mama mwenye kibanda alikuwa anafagia, tukasalimiana, akaniuliza maswali ya maana: mbio zinachukua muda gani, nikamwambia saa moja na nusu hivi, zikisimamishwa kwa ajali au mvua hazizidi saa tatu, king'amuzi chake kina hiyo chaneli, tukawasha tukahakikisha, ipo. Kiingilio kile kile cha mpira. Akaniwekea sharti moja, Jumamosi saa mbili asubuhi tuje kwanza kwenye ile ya kupanga mstari wa kuanzia mbio, akiona watu wamefika kweli basi Jumapili anafungua saa kumi na mbili na uji unakuwepo kwa wasiofunga.

Dogo amesema analeta wenzake wa chuo, Mwalimu amefikia kwa binti yake Nyakato na amesema atakuja na mjukuu. Mvuvi amesema akiwahi kumaliza mambo ya betri atapita aone hiyo breki inavyochaji. Yeye ni wa Verstappen kuanzia usiku ule, alipenda jina. Mimi namngoja Piastri, maana ni mtoto wa Melbourne hasa, na tangu mbio za Australia ziingie kwenye ubingwa wa dunia hakuna Muaustralia aliyemaliza hata kwenye tatu bora pale nyumbani, Ricciardo alimaliza wa pili 2014 wakamfuta, na Piastri mwenyewe mwaka jana aliteleza kwenye mvua, gari ikakwama kwenye majani, akaitoa kwa rivasi akamaliza wa tisa.

Uliyeko Mwanza njoo Jumamosi, ndiyo siku ya kumwonyesha mama kwamba tupo. Shuka Kirumba, elekea mwaloni, ulizia kibanda kinachoonyesha magari. Saa mbili kasoro uwe umeshakaa.