Kumpunguza mbwa uzito: anza na mizani ya jikoni

Nyoosha mkono mmoja, kiganja kikitazama chini, kisha pitisha vidole vya mkono wa pili juu ya vifundo, pale vidole vinapoanzia. Mbavu za mbwa mwenye uzito mzuri huguswika hivyo: hazionekani, lakini unazipata bila kubonyeza. Sasa geuza mkono upapase sehemu ile ile upande wa kiganja. Mbavu zikiguswika hivi, huyo amenenepa, hata kama majirani wanamsifia kwamba ameshiba.

Madaktari wa mifugo hutumia alama za unene, 1 hadi 9. Zinazotakiwa ni 4 na 5, na kila alama juu ya 5 ni takriban asilimia 10 ya uzito uliozidi. German Shepherd wa kilo 38 mwenye alama 7 amezidi kwa asilimia 20 hivi. Gawa 38 kwa 1.2, unapata karibu kilo 32. Hiyo ndiyo namba ya kufanyia kazi, wala si 38.

Mafuta ya mwilini hayakai tu yakisubiri kutumika. Yanatoa homoni, ikiwemo leptini, pamoja na kemikali zinazochochea uvimbe wa chini kwa chini mwili mzima. Seli huanza kuwa sugu kwa insulini, kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, na mafuta kwenye damu hupanda. Tofauti na paka, mbwa mnene kwa kawaida haishii kwenye kisukari cha aina ya pili kama cha binadamu, lakini mwenye kisukari tayari huwa mgumu kudhibitiwa kwa sindano. Hatari ya kongosho kuvimba nayo huongezeka. Goti hubeba mzigo usio wake, na kano yake ya ndani hukatika kwa urahisi zaidi. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, kwa hiyo kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam mnene huzidiwa haraka, na mwenye pua fupi anaweza kufa mchana mmoja.

Kuna utafiti wa Marekani ninaopenda kuutaja. Labrador 48 waligawanywa wawili wawili, na mmoja wa kila jozi akapewa chakula pungufu kwa asilimia 25 maisha yake yote. Umri wa kati wa kufa kwa waliopunguziwa ulikuwa miaka 13.0, kwa wenzao, 11.2. Wenzao hao hawakuwa wanene wa kutisha, wastani wao ulikuwa alama 6.7 tu. Uzito ambao wengi wetu tungeuita wa kawaida uligharimu karibu miaka miwili.

Sasa hesabu. Chukua uzito unaolengwa, uuzidishe kwa wenyewe mara tatu: 32 × 32 × 32 = 32,768. Bonyeza kipeuo cha pili kwenye simu mara mbili, upate 13.45. Zidisha kwa 70: kama kalori 940 kwa siku. Tenga asilimia 10 kwa vitafunwa, zinabaki 850 hivi. Chakula cha kupunguza uzito chenye kalori 300 kwa gramu 100 kitakuwa gramu 280 kwa siku, zigawe mara mbili. Pima kwa mizani ya jikoni, kikombe hudanganya.

Hapa ndipo wengi hukwama. Wanachukua ugali wa kila siku na kuukata nusu. Ugali ni wanga mwingi na protini kidogo, hivyo mbwa hupoteza misuli pamoja na mafuta, na misuli ndiyo inayochoma kalori. Kama unampikia nyumbani, mwombe daktari wa mifugo akupangie kiasi cha nyama, dagaa na madini. Pia angalia mafuta ya kupikia: kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 120, wakati mbwa mdogo anayelenga kilo 10 hupewa kalori 390 tu kwa siku ili apungue. Na kila aliye nyumbani, kuanzia bibi hadi mlinzi wa usiku, ajue kwamba mbwa anakula kutoka chombo kimoja.

Matembezi husaidia viungo na misuli, lakini peke yake hayapunguzi uzito. Anza na dakika 10 asubuhi kabla jua halijawaka.

Simama naye kwenye mizani, kisha simama peke yako, utoe tofauti. Rudia kila wiki 2. Anapaswa kushuka asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake kwa wiki. Akizidi hapo, mwongeze chakula. Asiposhuka kabisa ingawa unapima kwa uaminifu, apimwe homoni ya tezi ya shingo na ugonjwa wa Cushing (homoni ya kotisoli kuzidi mwilini). Kwa anayechechemea, kupungua asilimia 6 tu kunaweza kuonekana kwenye mwendo wake.

Akifika kilo 32, usimrudishie sahani ya zamani. Ongeza chakula kwa asilimia 10, subiri wiki 2, mpime tena ndipo uamue. Mbwa aliyepungua huhitaji kalori chache kuliko alivyokula zamani, na aliyehasiwa huhitaji chache zaidi.