Bango la Sehemu 6 kwa Elfu

Bango nililichora mwenyewe kwa rangi ya buluu, na nikalionea fahari kupita kiasi. Samaki wawili, kaa mmoja, mizizi ya mikoko, na chini yake herufi kubwa: HAPA MTO UNAISHINDA BAHARI. CHUMVI: SEHEMU 6 KWA ELFU. Maji ya bahari huwa na sehemu 35 hivi, kwa hiyo 6 ilikuwa habari njema. Huko juu watu walikuwa wameanza kuvuta maji mengi ya mto kumwagilia mashamba, nasi tuliojitolea kupima pale mlangoni, mto unapoingia baharini, tulihofia chumvi itapanda ndani. Vipimo vyangu vitano vya miezi miwili vilisema bado haijapanda.

Nilikuwa nikienda kila baada ya Jumamosi mbili, saa nne asubuhi, kwa kuwa ndipo nilipokuwa na nafasi. Sikukosa hata mara moja. Kwenye ripoti nikaandika kwamba vipimo vyote vilichukuliwa "saa ileile", kana kwamba hiyo ni sifa.

Siku mbili baada ya kipimo cha tano, darasa zima la watoto lilikuja kujifunza. Walimu wao walipata nafasi jioni tu, wakafika saa kumi. Tulianza na bamba la Secchi, lile duara la nyeusi na nyeupe la kupimia uangavu wa maji, unalolishusha kwa kamba mpaka lipotee machoni; padri Angelo Secchi alijaribu la kwake, jeupe, baharini mwaka 1865, na mpaka leo sijaona kifaa kinachowafurahisha watoto kuliko hicho. Daftari langu lilisema linapotea kwenye sentimita 40. Siku hiyo kamba ilipita mita moja na watoto bado wanapiga kelele, "Tunaliona! Tunaliona!" Nikasema mwanga wa jioni ni mzuri. Nilikuwa na jibu kwa kila kitu wakati ule.

Kisha nikatoa kipimo cha chumvi, kile unachochungulia kama darubini ndogo. Nikamwita msichana mmoja wa mbele. Akadondosha matone mawili kwenye kioo, akafunika kifuniko bila kuacha povu, akakielekeza kwenye mwanga. Ndani yake juu huwa buluu na chini nyeupe, na pale zinapokutana ndipo unaposoma.

"Thelathini na moja," akasema.

Nikamwambia asome tena. Thelathini na moja. Nikakifuta, nikakirekebisha kwa maji yaliyokenekwa mpaka mstari ukakaa kwenye sifuri, nikachota maji mengine mwenyewe. Thelathini na moja. Mvulana mmoja nyuma akauliza, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, sasa tuandike ya bango au ya kifaa?"

Mzee aliyekuwa akitengeneza nyavu zake karibu nasi alikuwa akisikiliza muda wote. Alikuwa akiniona kila nikija, tunasalimiana, basi. "Mwanangu," akasema, "wewe siku zote huja bamvu, maji yamekupwa. Nilidhani ndivyo unavyotaka."

Shikamoo nilimpa siku zote. Swali, hata moja sikuwahi kumwuliza.

Tukakaa hapohapo na watoto, tukapiga hesabu kwa kijiti kwenye tope. Kutoka kujaa hadi kujaa ni saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Zidisha kwa 14: saa 11 na dakika 40. Yaani katika wiki mbili maji yanakaribia kuzunguka duru nzima, na ukija saa ileile unayakuta karibu palepale. Mwezi nao, ukiwa mpevu Jumamosi hii, baada ya wiki mbili unakaribia kuandama. Mara zote mbili ni bamvu, maji yanapokupwa mbali kabisa. Vipimo vitano, na vyote nilipima mto peke yake, bahari ikiwa imeondoka.

Msichana wa kifaa ndiye aliyeshika brashi. Hakufuta 6. Aliandika pembeni yake 31, kisha akaniuliza katikati kuna nini.

Jumamosi iliyopangwa nilikwenda saa nne kama kawaida, nikiwa na tochi, blanketi na chupa yenye kizibo kilichofungwa kamba. Ukiizamisha mpaka chini ndipo unavuta kizibo, ikajaa maji ya hukohuko.

"Umekuja kupwa tena," akasema mzee.

"Ndiyo, babu. Ila leo siondoki."

Nilipima kila saa, juu na chini. Jioni maji yalikuwa yamejaa na kuanza kupungua, na usiku, yalipoanza kurudi tena, juu nilipata 9. Nikazamisha chupa, nikavuta kizibo, nikasubiri mapovu yaishe. Chini: 27. Maji ya mto ni mepesi, yalikuwa yakielea na kutoka, na chini yake bahari ilikuwa ikipanda kimyakimya kuelekea mashambani. Nikamwamsha mzee achungulie. Akakataa kifaa. Akachovya kidole kwenye chupa, akaonja, akatema.

"Hii imeshafika kwenye mchu mkubwa," akasema, akanionyesha gizani mkoko huo, upande wa juu, mahali ambapo sikuwahi kupima.